Soketi Iliyoungua, na Nani Alipe?



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo sana, kitu kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Ni soketi ya waya, ile plastiki inayoshika waya nyuma ya taa ya gari. Wengi wetu tumeendesha magari miaka mingi bila kuitazama. Lakini kitu hicho kidogo kilikaribia kumnyang'anya dereva mwenzetu mapato ya miezi miwili, na kabla ya hapo kilikaribia kuua abiria kumi na wanne. Kwa hiyo tumeona vema tueleze habari yote, ili wanachama wajue jinsi soketi inavyoharibika, jinsi inavyotengenezwa, na jinsi ya kujitetea mtu anapotaka kutubebesha mzigo usio wetu.

Dereva huyu huendesha basi dogo, Toyota HiAce ya zamani, kati ya Kampala na Masaka. Gari si lake, ni la tajiri, na kila jioni yeye hupeleka hesabu. Hana mkataba wa maandishi, kama wengi wetu. Usiku mmoja akiwa anarudi Kampala, taa yake ya kulia ilikuwa imekufa tangu mchana. Alipokaribia Kayabwe, pale ambapo barabara inavuka mstari wa ikweta, gari likaingia katika shimo, na taa ya kushoto nayo ikazimika. Mbele yake kulikuwa na lori. Alisimamisha gari pembeni kwa kukisia, huku lori likipita na honi ndefu. Abiria wakashuka wakitetemeka. Kondakta akajaribu kubana waya kwa mkono, taa ikawaka na kuzimika, na mkono ukaungua. Wakalala hapo mpaka alfajiri.

Tajiri alipopata habari hakuuliza kama watu ni wazima. Alisema, "Gari nilikupa likiwa zima, limerudi bovu. Utalipa." Gereji ya kwanza ilikuwa imemwambia kwamba waya zote za mbele zimeungua, lazima zibadilishwe pamoja na taa mbili. Tajiri akapiga hesabu na kuamua kuikata kidogo kidogo kutoka kwa dereva mpaka iishe. Ndipo mwenzetu akaja ofisi ya tawi. Hakuja kuomba fedha. Alikuja kuuliza, "Ndugu, hii kweli ni haki?"

Tulimjibu kwamba kabla ya kujibu swali la haki, kwanza tujue kitu gani kiliharibika na kwa sababu gani. Tukaenda naye Katwe, kwa fundi wa umeme ambaye ni mwanachama wetu wa siku nyingi.

*Fundi alivyoona*

Fundi hakuanza kwa kukata waya. Alianza kwa kutazama na kunusa. Soketi ya kulia ilikuwa imeyeyuka kabisa, plastiki yake imeshikana na miguu ya balbu. Soketi ya kushoto ilikuwa na rangi ya kahawia, na ulimi wake wa kufungia ulikuwa umevunjika. Alipoisukuma kwa ncha ya bisibisi yenye mpini wa plastiki, taa iliwaka kwa unyonge.

Kisha akachukua mita. Kwenye betri mita ilisoma volti 12.4. Kwenye miguu ya balbu ya kushoto, taa ikiwa inawaka, ilisoma volti 10.6. Akatuuliza, "Hizo volti 1.8 zimekwenda wapi?" Sisi tukanyamaza. Akasema, "Zimeliwa njiani, na nyingi zimeliwa hapa kwenye soketi. Umeme ukiliwa hugeuka joto. Joto hilo ndilo limepika plastiki." Akatueleza pia kwamba balbu ikikosa volti kiasi hicho hupoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga wake. Kwa hiyo dereva alikuwa anaendesha na taa dhaifu wiki nyingi kabla ya usiku ule.

Sasa kwa nini umeme uliliwa? Fundi akachomoa balbu na kutuonyesha maandishi yake: wati 100 kwa 90. Balbu ya kawaida ya aina hiyo, ile ya miguu mitatu inayoitwa H4, ni wati 60 kwa 55. Hesabu yake ni rahisi, hata sisi tulioishia shule ya msingi tunaiweza. Gawanya wati kwa volti, unapata ampea. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Wati 100 kwa volti 12 ni ampea 8 na zaidi. Lakini joto katika kiungo haliongezeki sawasawa na ampea, linaongezeka kwa ampea mara ampea. Kutoka ampea 5 mpaka ampea 8 na kidogo, joto katika soketi ile ile linakuwa karibu mara tatu.

Soketi ya zamani haiwezi kuvumilia hayo. Ndani yake kuna vipande vya shaba vilivyopindwa kama springi ili vibane miguu ya balbu. Vikipata joto vinalegea. Vikilegea, umeme unapita kwa shida na joto linazidi. Joto likizidi, vinalegea tena. Mwishowe plastiki inakauka na kuvunjika, au inayeyuka. Ongeza vumbi la barabara, maji ya mvua, na matikisiko ya mashimo, na utaona kwamba soketi haikufa usiku mmoja. Iliugua siku nyingi.

Halafu fundi akafungua sanduku la fyuzi. Kifuniko kilisema fyuzi ya taa ni ya ampea 10. Ndani alikuta ya ampea 20. Mlinzi alikuwa ameondolewa mlangoni.

*Jinsi soketi inavyotengenezwa*

Magari mengi yanayotembea nchini mwetu yaliingia yakiwa yametumika tayari, na sehemu kubwa yalitoka Japani. Sheria ya 2018 ilikataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, lakini yaliyokuwa humu yanaendelea kuzeeka pamoja nasi. Kwa hiyo kazi hii ya soketi haitakwisha leo wala kesho. Tunaandika hapa jinsi fundi wetu alivyofanya, ili kijana anayejifunza asome na dereva ajue anachokilipia.

Kwanza, aliondoa waya wa hasi kwenye betri. Asiyefanya hivyo anacheza na moto. Na kama soketi unayotaka kugusa ni ya rangi ya njano, hasa chini ya usukani au mbele ya abiria, iache. Rangi hiyo hutumika kwa mfuko wa hewa unaolipuka wakati wa ajali, na una utaratibu wake wa pekee.

Pili, kijana wake alichukua karatasi na kuchora soketi: mguu wa juu waya wa rangi gani, wa kushoto rangi gani, wa kulia rangi gani. Jambo hili lina maana kubwa. Katika Toyota nyingi za zamani, umeme wa betri hufika kwanza kwenye mguu wa pamoja wa balbu, na swichi ya dereva hufungua njia ya kwenda kwenye bodi. Fundi anayedhani kwamba mguu wa pamoja lazima uwe wa bodi ataunganisha kinyume, fyuzi itakatika, naye atasema gari lina uchawi. Mchoro wa dakika mbili unaokoa siku nzima.

Tatu, walikwenda Kisekka, upande wa Nakivubo, kutafuta soketi. Fundi hakuchukua ya kwanza aliyoonyeshwa. Aliingiza mguu wa balbu ndani ya kila tundu, mmoja mmoja, akauvuta kuona kama unabanwa. Alikataa zote zenye rangi ya kahawia au kutu ya kijani. Pia alikataa zile zilizokatwa waya karibu kabisa na mdomo. Soketi iliyotumika inunuliwe pamoja na mkia wa waya wa shubiri moja, ili upate mahali pa kuungia. Zipo pia soketi mpya za kauri zinazovumilia joto kuliko plastiki, lakini tazama unene wa waya zake. Soketi nzuri yenye waya mwembamba kama uzi ni bure.

Nne, walikata waya wa zamani kurudi nyuma mpaka wakaona shaba inayong'aa. Shaba iliyopikwa huwa nyeusi na ngumu, na haishiki tena. Ukiunga juu ya shaba nyeusi umeutia ugonjwa ule ule katika mwili mpya.

Tano, waliunga. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia gundi ya nailoni si kuunga, ni kuahirisha. Fundi alitumia vijibomba vya shaba na koleo lake la kubania, akabana kila kiungo, kisha akakivuta kwa nguvu. Kisichotoka ndicho kizuri. Viungo vitatu havikuwekwa mahali pamoja. Kila kimoja kilikaa mbele kidogo ya mwenzake, ili hata kifuniko kikichanika visigusane. Juu ya kila kiungo alivuta mpira unaosinyaa kwa joto. Wapo mafundi wanaopenda kulehemu kwa risasi, nayo ni njia, lakini waya uliolehemiwa huwa mgumu na hukatika pale ugumu unapoishia kama haukufungwa vizuri. Na tafadhali, vijana wa Katwe, ile tindikali ya kulehemia mabati isiguse waya wa gari. Itakula shaba polepole ndani ya kifuniko, na wewe hutakuwapo siku itakapokatika.

Sita, waya zilifungwa zisining'inie, na mdomo wa soketi ukaelekezwa chini ili maji yatiririke nje. Balbu za wati 60 kwa 55 zikawekwa bila kugusa kioo chake kwa vidole, kwa sababu mafuta ya mkono hukipasua kinapopata moto. Fyuzi ya ampea 10 ikarudi mahali pake.

Mwisho, mita ikarudi kazini. Betri volti 12.4. Kwenye balbu volti 12.1. Fundi anasema kiungo kimoja kizima kisile zaidi ya volti 0.2 taa ikiwa inawaka. Jioni tuliwasha taa kuelekea ukuta wa gereji. Balbu ile ndogo ya wati 60 ilitoa mwanga karibu sawa na ile ya wati 100 iliyokuwa inanyimwa umeme. Dereva akatazama ukuta kwa muda, akasema, "Kumbe tulikuwa tunalisha njia, si taa."

Kazi yote ilichukua mchana mmoja. Waya zote za mbele hazikubadilishwa, maana hazikuwa na ugonjwa. Gharama yake haikufika hata sehemu ya kumi ya ile iliyotajwa na gereji ya kwanza.

*Mazungumzo na tajiri*

Sasa tuje kwenye swali la nani alipe. Fundi hakutupa vile vitu vibovu. Alivitia katika mfuko wa nailoni: soketi iliyoyeyuka, soketi ya kahawia, balbu mbili za wati 100, na fyuzi ya ampea 20. Akaandika juu ya karatasi tarehe, namba ya gari, na zile volti alizozisoma kabla na baada. Sisi tukabeba mfuko huo na kumwita tajiri.

Tulikaa kwenye benchi mbele ya gereji: tajiri, dereva, fundi, na sisi wawili wa tawi. Tajiri alianza kwa sauti kubwa. Fundi hakubishana naye. Alifungua mfuko na kupanga vitu mmoja baada ya mwingine, akaeleza kama alivyotueleza sisi. Kisha akauliza swali moja tu: "Mzee, balbu hizi ziliwekwa na nani?"

Tajiri akakaa kimya. Dereva akakumbusha kwa heshima kwamba miezi michache iliyopita aliripoti taa hazionyeshi mbali, na tajiri mwenyewe alileta balbu kubwa. Kijana mmoja wa kandokando ya barabara alizifunga, fyuzi ikakatika, naye akatia kubwa zaidi ili isikatike tena. Tajiri hakukana. Alisema alitaka kusaidia, hakujua. Nasi tuliamini kwamba hakujua. Lakini kutojua kwa tajiri hakuwezi kulipwa na dereva.

Walikubaliana kwamba tajiri atalipa matengenezo yote, na dereva hatakatwa hata senti. Siku tatu ambazo gari lilisimama hazikulipwa. Tuliziomba, tajiri akakataa, na dereva mwenyewe akasema tuziache ili kazi iendelee. Tunaandika hili wazi kwa sababu si vema gazeti la chama kuimba ushindi ambao haukukamilika. Mtu asiye na mkataba wa maandishi huingia katika mazungumzo akiwa na mguu mmoja.

*Tunayojifunza*

Ndugu wanachama, vyama vya madereva si jambo la jana katika nchi hii. Chama cha Madereva wa Magari cha Uganda kilianzishwa 1938, wakati wa ukoloni, na watu ambao wengi wao hawakuwa na elimu kubwa. Walijua kwamba mtu mmoja mbele ya tajiri ni sauti moja tu. Sisi leo tuna sheria ambazo wao hawakuwa nazo. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka mipaka ya makato yanayoweza kutolewa katika mshahara wa mwajiriwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri aweke vyombo vya kazi katika hali ya usalama. Lakini sheria haitembei yenyewe. Inahitaji mtu wa kuibeba, na mtu huyo anahitaji ushahidi mkononi.

Kwa hiyo tawi limekubaliana na mambo yafuatayo, nasi tunayaomba matawi mengine yayafikirie.

Dereva akiona taa inafifia, inacheza, au anasikia harufu ya plastiki, aripoti siku hiyo hiyo na aandike katika daftari tarehe na jina la aliyemwambia. Ujumbe wa simu pia ni maandishi, usiufute.

Balbu na fyuzi zisibadilishwe kwa ukubwa mwingine bila fundi. Fyuzi ikikatika inasema jambo. Tusiinyamazishe kwa kubwa zaidi, wala kwa karatasi ya sigara.

Kifaa kibovu kisitupwe mpaka swali la malipo liishe. Fundi amrudishie mwenye gari au dereva, pamoja na karatasi ya alichokikuta.

Taa zikikosekana, gari lisitoke usiku. Tunajua maneno haya ni mepesi kwa anayeandika na mazito kwa anayedaiwa hesabu jioni. Ndiyo sababu yasemwe na wote, ili asifukuzwe mmoja.

Na mafundi wasisahauliwe. Yule kijana aliyechora soketi kwenye karatasi amejifunza kazi miaka minne bila cheti chochote. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2008 iliweka njia ya mtu aliyejifunzia kazini kupimwa ujuzi wake na kupewa hati. Vijana waje tawini tuwasaidie kufuata utaratibu uliopo. Kazi inabadilika. Siku hizi yanaingia magari yenye betri kubwa za kuendeshea, yenye waya nene za rangi ya machungwa, na umeme wake unaua. Anayeijua leo soketi ya volti 12 kwa hesabu na kwa mita atakuwa na mahali pa kuanzia. Anayebahatisha atazikwa na magari hayo.

Dereva mwenzetu amerudi barabarani. Juma lililopita alipita ofisini jioni akielekea Masaka, akawasha taa pale nje ili tuone. Ule mfuko wa nailoni tumeuning'iniza kwenye msumari ukutani. Mwanachama yeyote anayetaka kuona soketi iliyopikwa inafananaje, karibu, aje aishike.

Umoja ni nguvu.